Mkono wa Shemeji Gaspar

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Mvua tangu asubuhi. Matope yamepanda mpaka ngazi za wauza nyama. Nimekata nguruwe wawili peke yangu, bega la kulia linawaka moto. Lakini siku njema. Redio imetangaza kura ya bendi inayopendwa kuliko zote hapa Baguio, kwetu milimani. Roki, nyimbo za gitaa kavu, zote kapu moja. Mshindi atajulikana Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Mtangazaji, yule wanayemwita Mjomba Kulas, kasema kwa sauti yake ya mafuta kwamba sasa tutajua mji huu ni wa nani.

Ni wa nani, tunajua. Pangil ng Aso. Meno ya Mbwa. Nimewafuata tangu wanapiga kwenye gereji, ngoma zimefungwa kwa waya. Sigwa, mwimbaji wao, akianza kunguruma kwenye kaseti yangu, kisu kinakata chenyewe.

Gaspar kaja kununua mbavu. Huyu ni mume wa mdogo wangu Fidela. Mwalimu wa hesabu, na kila Ijumaa yuko kwenye baa ya Pugad na gitaa lake, anaimba nyimbo za Tatlong Hamog kabla wenyewe hawajapanda jukwaani. Umande Watatu. Jina tu linakupa usingizi.

"Shemeji," kasema, "mbwa wako wamebweka vya kutosha. Mwaka huu wanafungwa kamba."

Nikamwambia Tatlong Hamog wanaimba kama wagonjwa walioamshwa wanywe dawa.

"Ndio muziki huo. Unalaza mtoto, unalaza na mke."

"Fidela halali kwa muziki. Analala kwa kuchoka kukusikiliza."

Kacheka mpaka miwani ikateleza puani. Nikamwongezea kipande cha mafuta bila kupima. Ndivyo tulivyo mimi na Gaspar, tangu siku ya harusi yao.

Jumatano, 6 Oktoba

Marlon alinichorea bango. Mdogo wetu wa mwisho, anaishi nami, kazi yake kuchora majina na farasi kwenye ubavu wa magari ya abiria. Bango zuri — mbwa mweusi, ulimi nje, macho mekundu. Nililitundika jana juu ya kigogo changu cha kukatia.

Leo nimefika nikalikuta limepakwa matumbo ya samaki. Yananing'inia kwenye meno ya mbwa kama tambi.

Sikuuliza mtu. Teofilo anauza samaki ng'ambo ya njia, na Teofilo ni mtu wa Tatlong Hamog, kanda zao amezipanga kwenye sanduku la barafu kama watakatifu. Alikuwa amenipa mgongo, anajifanya anahesabu dagaa. Nikachukua pafu la nguruwe, bichi, zito, linalovuja. Nikavuka njia. Nikamwita jina lake kwa upole ili ageuke.

Lilimpata uso mzima. Sauti ilisikika mpaka kwa wauza mboga.

Soko zima likacheka. Teofilo hakucheka. Alijifuta kwa aproni, pole pole, damu ikabaki kwenye nyusi. Kasema tutaonana Jumamosi, kwenye onyesho la Mbwa wako.

Nikamwambia aje na pafu lake.

Nimelala mchana kidogo nikiwa natabasamu. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa: napenda kupigana. Baba alisema ningezaliwa mwanamume ningeshakuwa gerezani.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mdomo umevimba, jino moja linacheza. Naandika kabla sijapoa.

Mbwa walipiga alasiri kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa. Umejaa. Jasho na sweta za sufu zilizolowa. Watu wa Umande walikuja kweli, na walikuja mapema, wakachukua viti vyote vya mbele. Wimbo wa kwanza ulipoanza wakageuza viti vyao. Wote. Wakaligeuzia jukwaa mgongo, wakafungua magazeti, wakasoma.

Sigwa alicheka. Akateremka ngazi moja, akamtemea mate aliyekuwa karibu, kwenye gazeti.

Chupa ya kwanza sijui ilitoka wapi. Ya pili ilitoka kwangu.

Halafu viti. Viti vya chuma vya kukunja, na kila mtu ana chake. Nilimwona mtu anapigwa na kiti mgongoni akaenda chini kama gunia. Mwingine kashika sikio na damu inapita kati ya vidole. Marlon alikuwa ubavuni mwangu, anapiga kelele zisizo na maneno. Mtu alinipiga ngumi ya mdomo, nikampiga kichwa cha pua. Nilisikia ikivunjika. Na bendi haikuacha kupiga — Sigwa anaimba, anatucheka toka juu, nyaya zinaruka miguuni mwake, na ngoma zinapiga kwenye mbavu zangu kama moyo wa pili.

Nikafika ukingo wa jukwaa. Watu wa Umande walikuwa wanajaribu kupanda, nikadhani wanakuja kung'oa nyaya. Mkono ukashika ukingo wa ubao, mbele yangu kabisa. Vidole vinne, vinavuta mwili juu. Sikutazama ni wa nani. Nikainua kiti nikaushusha ukingo wake wa chuma.

Sauti yake kama mguu wa kuku unapokatwa kwenye goti.

Mkono ukapotea. Nikaenda kwa mwingine.

Polisi walikuja na marungu, tukatawanyika. Marlon amenisaidia kunawa damu. Hatukuacha kucheka njia nzima. Siku nyingi sijafurahi hivi.

Jumapili, 10 Oktoba

Ulikuwa wa Gaspar.

Fidela kaja baada ya misa, hajavua hata shela ya kanisani. Kasimama mlangoni, hataki kuingia. Mkono wa kushoto. Vidole vitatu. Daktari ameunganisha mifupa kwa misumari midogo, kasema vitapona lakini havitakunjika. Mkono wa kushoto ndio unaotembea kwenye shingo ya gitaa. Hata mimi najua hilo.

Hakuwa anakuja kung'oa nyaya. Alikuwa anataka kufika kwenye maikrofoni awaambie watu wakae.

"Marlon yuko wapi?" Fidela kauliza. "Gaspar amesema ni Marlon."

Nikasema hapana. Ni mimi. Nilishika kiti mimi.

Kanitazama kama ninavyotazamwa na mteja nikisema nyama ni ya leo.

"Dada, usimfunike. Umemfunika tangu anakojoa kitandani."

"Fidela, nisikilize. Ni mkono wangu huu."

"Gaspar ana macho. Ameona."

Na hapo Marlon katokea nyuma yangu, shati wazi, anatafuna mkate. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Ni mimi," kasema. "Na akipanda tena nitavunja wa kulia."

Fidela alimpiga kofi, kisha la pili, kisha akashika shela akaondoka kwenye mvua. Mimi nikamshika Marlon koo, nikambana ukutani, nikamwuliza ana wazimu gani.

Hakujitoa. Kasema kwa sauti ndogo, "Dada, wewe una kibanda, watu wanakuogopa, wanakujua. Mimi jana asubuhi nilikuwa mchora farasi. Jana jioni Nonong na mashabiki wenzake wamenibeba juu. Walidhani ni mimi. Niache basi."

"Watakuja kukutafuta."

"Waje."

Nilimwachia. Alama za vidole vyangu zimebaki shingoni mwake.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimekwenda hospitali na supu ya mifupa. Gaspar kalala, mkono umening'inizwa, mkubwa kama boga. Teofilo alikuwepo na watu wengine wawili wa Umande, wamekaa kwenye kitanda jirani. Nimesema mbele yao wote: shemeji, ni mimi niliyekupiga. Sikujua ni wewe. Ningejua ningejikata mwenyewe.

Teofilo kacheka kwa pua. Kasema, tazameni, Marlon kajificha kwenye sketi ya dada yake.

Nikamwambia Gaspar anitazame. Aligeuzia uso ukuta.

"Nenda nyumbani, shemeji. Nilimwona aliyenipiga."

Supu sijui nani aliinywa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mji umeharibika.

Watu wetu wamevunja vioo vya Pugad juzi, jiwe likampata msichana aliyekuwa anaimba, ameshonwa paji la uso. Jana watu wa Umande wamechoma kibanda cha kanda cha rafiki yetu kule kwenye mteremko, kimeyeyuka chote, harufu ya plastiki mpaka leo iko kwenye nywele zangu. Leo asubuhi wanafunzi wawili wamechomana kwa bikari. Mvulana wa Mbwa alimwimbia mwenzake darasani. Kuimba tu.

Mjomba Kulas anasoma kura kila saa. Mbwa mbele, Umande mbele, Mbwa mbele. Anasema hajawahi kuona mapenzi kama haya. Anasema mapenzi.

Na Marlon. Amechora fulana. Mkono, na vidole vitatu vimelegea kama mishumaa. Chini yake jina la bendi. Amezichora mchana kutwa, wamezinyang'anyana wamezimaliza. Nonong, mkuu wetu wa mashabiki, aliivaa akaja nayo kwenye kibanda changu nimpongeze.

Nilimwambia aivue. Akadhani utani. Nikaichana juu yake kwa kisu, toka kola mpaka kitovu. Ngozi sikuigusa. Nina mkono mwepesi nikitaka.

"Dada Jovita," kasema, anatetemeka na kifua wazi, "wewe sasa uko upande gani?"

Nilimwambia aende akavae nguo, kuna baridi.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimemtafuta Sigwa. Nilijua Jumamosi mchana hula kwa Wachina karibu na kanisa kuu. Nilitaka jambo moja tu. Aende redioni aseme: acheni. Watu wangemsikia. Mimi ningemsikia.

Nimemkuta kweli. Yuko na Ambo. Ambo wa Tatlong Hamog, mwenye ndevu, anayeimba macho yamefumbwa kama anayepokea ekaristi. Wanakula sahani moja. Sigwa anamchagulia kamba wakubwa anamwekea upande wake. Wanacheka, wamelewa kidogo. Nilisimama pale na mwavuli unachuruzika. Ambo ndiye alimsimamia binti wa Sigwa kwenye ubatizo, nilikuja kujua hapo hapo. Baba wa ubatizo. Mwaka wa nne sasa.

Sigwa alinitambua. "Muuza nyama wangu! Keti, kula."

Sikuketi. Nikamweleza. Mkono wa Gaspar, msichana wa Pugad, watoto wa shule. Nikamwambia wanamtafuta mdogo wangu, nenda redioni, wewe na yeye, keti pale pamoja kama mlivyoketi hapa, basi, yataisha.

Ambo alitazama sahani. Sigwa alifuta mdomo.

"Dada yangu, tumepiga muziki miaka kumi hatujulikani hata Manila. Sasa wanatuita. Wote wawili, sisi na hawa. Kampuni ya kanda imesikia kuhusu vurugu, ndiyo sababu imepiga simu. Wiki moja tu imebaki. Baada ya kura nitasema chochote unachotaka."

"Kuna mtu atakufa kabla ya wiki kwisha."

"Hafi mtu kwa nyimbo," kasema Ambo. Sauti yake kweli ni nzuri, hata akisema ujinga.

Na Sigwa kaongeza, akininyooshea kijiti chake cha kulia tambi: bendi isiyo na damu ni kwaya.

Nilimshika nywele. Zile nywele ndefu nilizozipigia kelele miaka yote. Nikampeleka uso kwenye bakuli la tambi, tambi za moto toka jikoni, nikamshikilia humo. Alipiga miguu. Bakuli likavunjika chini ya shavu lake. Wapishi watatu ndio walinitoa, na mmoja nimemuuma mkono, namwomba radhi, hakuwa na kosa.

Sigwa alibaki ameshika uso, anapiga yowe la juu, jembamba. Jukwaani huwa ananguruma.

Nimerudi nyumbani nikatoa kanda zake zote nje kwenye mvua. Halafu nikatoka nikazirudisha ndani. Halafu nikazitoa tena.

Jumatano, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mikono ina rangi na sabuni haitoi.

Nonong na wenzake wamenifukuza kwenye chama cha mashabiki kwa sababu ya uso wa Sigwa. Marlon alihama tangu Jumapili, analala gereji anakochora, hasemi nami. Jana nilimpelekea wali na adobo, nyama ya siki, akachukua bakuli bila kunitazama. Nikamwambia nenda bondeni kwa shangazi mpaka kura ipite. Kasema watu watasema amekimbia.

Leo kibanda cha Teofilo kilikuwa kimefungwa. Jumatano, siku ya samaki wengi, kimefungwa. Nilikuwa katikati ya kukata paja. Nikaacha panga kwenye mfupa nikakimbia.

Nilisikia gereji kabla sijaiona. Gari moja lilikuwa linanguruma bila dereva, moshi umejaa ndani, wameliwasha ili asisikike.

Alikuwa chini, kati ya makopo. Rangi nyekundu, njano, bluu, yote imemwagika na yote imechanganyika na damu, sikujua wapi ni wapi. Wamemwekea mikono juu ya kigogo cha kupigia bati. Nyundo ilikuwa bado pale. Mkono wa kulia haukuwa tena na umbo la mkono. Wa kushoto wameupiga mara moja au mbili tu. Na tumboni, chini ya mbavu, tundu dogo, jembamba, safi. Kisu cha kupasulia samaki. Naishi na visu, sikuhitaji kuambiwa.

Nilimziba kwa aproni yangu, nikamlalia juu ili damu isitoke. Nilikuwa namwambia nisamehe, na nilikuwa namtukana, vyote kwa pumzi moja. Alikuwa macho.

Wenye gereji walikuwa wapi? Wote wanne walikwenda kununua kahawa kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 21 Oktoba

Wamempasua. Utumbo umetobolewa, daktari anasema homa ndiyo ya kuogopa. Amezinduka mchana.

Ananiambia walikuwa watatu, vitambaa usoni, lakini mmoja alinuka samaki. Walimwuliza ni mkono gani ulioshika kiti. Alisema wa kulia.

"Mbona hukuwaambia ni mimi? Mbona hukusema, Marlon?"

Midomo imemkauka, nikamlowesha kwa pamba.

"Niliwaambia," kasema. "Mwisho niliwaambia. Walicheka."

Ijumaa, 22 Oktoba

Marlon amefariki kabla ya mapambazuko. Mkono wangu ulikuwa kwenye paji lake. Lilikuwa la moto, kisha likawa la kawaida, nikadhani anapona.

Polisi aliuliza ninamshuku nani. Nikamwambia kisu cha samaki. Akaandika. Kasema wauza samaki ni wengi.

Jumapili, 24 Oktoba

Alasiri. Mvua imekatika, ukungu umeingia mpaka sebuleni. Nyumba imejaa. Sebuleni liko jeneza na Marlon ndani, amevaa barong, lile shati la harusi la baba, mikono wameificha chini ya shada la maua meupe. Uani wanacheza karata na kunywa kahawa. Hakuna anayefagia, makombo ya biskuti yanalia chini ya viatu, kama inavyopasa penye maiti.

Shangazi toka bondeni kaleta kifaranga. Kwa kuwa Marlon ameuawa, ni lazima. Ameweka kifaranga juu ya kioo cha jeneza, akakimwagia mahindi yaliyosagwa, na kinadonoa. Tik, tik, tik, juu ya uso wa Marlon. Kila kinapodonoa, dhamiri ya muuaji nayo inadonolewa, mpaka ajitokeze. Watu wanakaa wanatazamana. Mimi siwezi kukaa chumba kile. Nimejifungia jikoni napika.

Saa za mchana walikuja Sigwa na Ambo. Pamoja, gari moja, na mpiga picha wa gazeti. Sigwa ana plasta shavuni. Wameleta shada kubwa kuliko mlango, utepe umeandikwa majina ya bendi zote mbili kwa dhahabu, na jina la Marlon chini kabisa, wameliandika Marlo. Wakatoa magitaa. Wanataka kumwimbia wimbo mmoja wa maombolezo, kwa umoja, na redio itarusha baada ya matokeo.

Nilitoka jikoni na panga la mifupa. Sikumgusa mtu. Nilikata gitaa la Sigwa likiwa mkononi mwake, shingo ikabaki kwake, tumbo likaanguka. Kisha la Ambo. Alilitoa mwenyewe, alininyooshea, akalia. Kisha shada. Nilikata shada mpaka likawa kachumbari. Mpiga picha alipiga picha na mimi nikakata kamera.

Walipoondoka, redio ya jirani ikatangaza. Pangil ng Aso wameshinda. Mjomba Kulas kasema ushindi huu ni kwa heshima ya shabiki wao namba moja, aliyetutoka. Uani mtu mmoja alianza kupiga makofi. Hakuna aliyemfuata, akaacha.

Halafu Gaspar.

Alikuja na Fidela, wamevaa nyeusi. Fidela alianguka juu ya jeneza, shangazi akamvuta ili machozi yasiangukie kioo, ni mwiko. Gaspar hakukaribia. Alikitazama kile kifaranga toka mlangoni, akageuka, akaja jikoni kwangu, akafunga mlango. Nilikuwa nakata vitunguu.

"Shemeji," kasema.

Nikaendelea kukata.

"Nilikuona. Siku ile. Nilikuona wewe."

Nikaacha kukata.

"Uso wako ulikuwa juu yangu kabisa. Ulikuwa unacheka. Hukunitazama, lakini mimi nilikutazama."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo siijui, kwa nini basi.

Alikaa kwenye kiti cha Marlon. Hakujua ni cha Marlon.

"Walikuja hospitali, Teofilo na wenzake, wakaniuliza nani. Wamejaa chumba. Ningesema nini? Mwanamke? Muuza nyama, dada wa mke wangu, na mimi nimelala pale nalia kama mtoto? Walitaka jina la mwanamume. Marlon alikuwa amesimama karibu yako. Nikawapa." Miwani ilikuwa imejaa ukungu, hakuifuta. "Nilidhani watamzaba makofi. Kisha wewe ukaja na supu ukasema mbele yao, na nilikuwa nimeshasema. Ningegeukaje?"

"Kwa kugeuza shingo."

"Ndiyo," kasema. "Kwa kugeuza shingo."

Mlango haukuwa umefungika sawasawa. Fidela alikuwa amesimama pale na kikombe cha kahawa. Sijui amesikia toka wapi. Amesikia ya kutosha, kikombe kilikuwa kinamwagika taratibu kwenye kiatu chake na hakikumshtua.

Na sasa hivi Nonong amegonga mlango wa nyuma. Wako nje, Mbwa wote, kwenye ukungu, naona moto wa sigara zao dirishani. Wana viti, wana mabomba. Kasema wamenisamehe yote. Kasema, Dada Jovita, tuambie jina tu. Teofilo tunamjua, Teofilo yuko nyumbani kwake, hafiki kesho. Lakini nani alimtaja Marlon kwao? Kuna mtu alitaja. Tunataka huyo.

Nimemwambia asubiri, naandika kitu. Naandika kweli. Nimekaa kwenye meza ya vitunguu na daftari hili, kwa sababu mkono ukishika kalamu haushiki kingine, na naogopa kuuacha mtupu.

Nonong amegonga tena.

Gaspar amesikia kila neno lake. Amesogeza kiti karibu na meza. Ameuweka mkono wake wa kulia, ule mzima, juu ya ubao wa kukatia, kiganja chini, vidole vimetanuliwa. Panga liko kati ya vidole vyake na daftari.

Fidela amekuja amesimama nyuma yangu. Nasikia pumzi yake. Sijui kama anataka kunishika mkono au kunisogezea panga.